Bondi ya kujenga kampasi: mfuko upi utalipa?

Mtu akisimama barazani Malindi au Lamu akatangaza kwamba kampasi itajengwa kwa bondi, wengi husikia kuwa pesa zimeshapatikana. Kilichopatikana ni deni. Bondi, au hati fungani kwa jina lake la vitabuni, ni mkopo mmoja mkubwa uliogawanywa vipande na kuuzwa kwa mifuko ya pensheni, kampuni za bima, benki, sacco na watu binafsi wenye akiba. Aliyenunua kipande hudai riba, aghalabu kila miezi 6, na siku ya mwisho hudai mtaji wake. Jengo husimama kwa pesa za leo na hulipwa kwa mapato ya miaka 10, 20 au 30 ijayo. Kabla ya kuuliza kampasi itakuwa na ghorofa ngapi, ni vyema kuujua mfuko utakaotoa mapato hayo.

Duniani mifuko hiyo ni miwili hasa. Upo wa kodi: wakazi wa eneo hukubali kutozwa zaidi kwa miaka kadhaa, na makusanyo yakalipa deni. Na upo wa jengo lenyewe: ada za vitanda vya hosteli, pango la maduka ya ndani, sehemu ya karo. Vyuo vichache vyenye jina kubwa hukopa kwa jina tu. Cambridge mwaka 2012 iliuza hati za pauni milioni 350 za miaka 40 kwa riba ya asilimia 3.75, na Ohio State mwaka 2011 ilikopa dola milioni 500 za miaka 100 kwa asilimia 4.8. Waliokopesha hawakuuliza ni bweni lipi litakalolipa. Waliamini kwamba chuo kitakuwepo. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Hakiwezi kukopa kwa masharti hayo, na hakuna anayekitarajia kufanya hivyo.

Mfano uliokomaa wa mfuko wa kodi uko California. Vyuo vya jamii vya huko, ambavyo kwa kazi vinakaribiana na taasisi zetu za kiufundi, vimegawanywa katika wilaya, na wilaya inayotaka kujenga huenda kwa wapiga kura kuomba ruhusa ya kukopa. Zamani ilihitaji theluthi mbili ya kura. Mwaka 2000 Pendekezo la 39 lilishusha kiwango hadi asilimia 55, kwa masharti: orodha ya majengo ichapishwe kabla ya kura, pesa zisilipe mishahara ya walimu wala ya wasimamizi, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na iundwe kamati ya raia wasiopungua 7, wakiwemo mwanafunzi, mfanyabiashara, mwakilishi wa wazee na mtu wa chama cha walipa kodi. Makadirio ya nyongeza ya kodi hayaruhusiwi kuzidi dola 25 kwa kila dola 100,000 za thamani ya mali. Nyongeza hiyo huingia kwenye bili ya kodi ya nyumba na ardhi, kwa hiyo hata asiye na mtoto chuoni hulipa. Juu yake jimbo zima nalo hupiga kura. Novemba 2024 lilikubali kukopa dola bilioni 10, ambazo bilioni 1.5 kati yake ni za vyuo vya jamii; Machi 2020 lilikuwa limekataa ombi la bilioni 15. Riba ya hati hizi kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato na serikali ya shirikisho, na ndiyo maana mwekezaji wa huko huridhika na riba ndogo.

Lakini hata huko watu wameumia. Mwaka 2011 wilaya ya shule ya Poway, jirani na San Diego, ilikopa dola milioni 105 kwa hati ambazo malipo yake yaliahirishwa kwa miaka 20. Riba ikazaa riba, na jumla ya kulipa ikakaribia dola bilioni 1. Mwaka 2013 bunge la jimbo liliweka kikomo: malipo yote yasizidi mara 4 ya kilichokopwa. Mkopo wenye likizo ndefu humpendeza anayeutia saini, kwa kuwa siku ya kulipa atakuwa amestaafu.

Sasa tuurudishe mfumo huo Pwani tuone unashika wapi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeviacha vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu kwa serikali ya kitaifa. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti ya Kilifi au ya Lamu inaweza kutenga ardhi na kuvuta maji hadi langoni, lakini kukopa ili kujenga chuo kikuu si kazi iliyokabidhiwa. Hata kwa majukumu yake, Ibara ya 212 inadai mambo mawili kabla kaunti haijakopa: dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Laikipia ilijaribu kuuza hati yake ya miundombinu mwaka 2021, mpango wa takriban shilingi bilioni 1.16, na haikufika sokoni. Chuo cha umma nacho hakiwezi kujiendea sokoni bila Hazina ya Taifa kuridhia.

Tatizo la pili ni bei ya pesa. Anayetaka kukopesha Kenya huanza kwa kuangalia serikali inalipa ngapi. Februari 2024 Benki Kuu iliuza hati ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi, na mtu wa Mkomani, Lamu, mwenye simu na laki moja angeweza kuinunua kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa benki hiyo, bila kupanda basi kwenda Mombasa. Viwango vimeshuka tangu hapo, lakini kanuni ni ile ile: chuo kinaonekana hatari kuliko serikali, basi kitatakiwa kulipa zaidi ya serikali.

Hapo ndipo mfuko wa pili, wa mapato ya jengo, unapoingia, na una mifano ya karibu. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa hati ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya miaka 5, riba asilimia 12.25, kujenga hosteli za wanafunzi Nairobi. Shirika la GuarantCo lilidhamini nusu ya deni, na bila dhamana hiyo wawekezaji wengi wasingeigusa. Tanzania, mamlaka ya maji ya Tanga iliuza mwaka 2024 hati ya shilingi bilioni 53.12 za huko, ya miaka 10 kwa asilimia 13.5, ikitegemea bili za wateja wa maji. Wanunuzi walileta zaidi ya kilichoombwa. Tanga si jiji kubwa na mamlaka yake si tajiri, lakini bili za maji hulipwa kila mwezi, mwaka hadi mwaka, na rekodi zake zipo.

Je, vitanda vya Malindi vinaweza kufanya kazi ya bili za maji? Tupige hesabu kwa namba za mfano. Hosteli ya vitanda 500, kila kitanda kigharimu shilingi 400,000 kukijenga pamoja na jiko, vyoo, tangi na ukuta: jumla milioni 200. Ada ni shilingi 6,000 kwa mwezi, miezi 9 ya masomo, yaani 54,000 kwa mwaka kwa kitanda. Chukua kwamba asilimia 90 ya vitanda vimejaa: milioni 24.3. Ondoa asilimia 30 ya uendeshaji, yaani askari, usafi, stima, maji na ukarabati mdogo. Inabaki milioni 17.

Deni la milioni 200 kwa riba ya asilimia 14, likilipwa kwa mafungu sawa miaka 10, linataka milioni 38.3 kila mwaka. Riba peke yake ya mwaka wa kwanza ni milioni 28, ambayo inazidi mapato yote ya hosteli hata ikijaa pomoni bila gharama yoyote. Hakuna ubunifu wa mhasibu utakaoziba pengo hilo. Kuliziba kwa ada kunahitaji kitanda kifike kama 13,500 kwa mwezi, bila hata akiba ya dharura. Nairobi wapo wazazi wa kulipa kiasi hicho. Malindi, mwanafunzi atapanga chumba Maweni au Muyeye na wenzake wawili.

Sasa badilisha mambo mawili tu. Riba iwe asilimia 5 na muda uwe miaka 20: malipo ya mwaka yanashuka hadi milioni 16. Hosteli ni ile ile na ada ni ile ile, na sasa inajilipa kwa kubanana. Mafundi wale wale wa mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi, wangeijenga. Ndiyo maana kuiga mchoro wa kampasi ya Marekani bila kuiga riba yake hakusaidii kitu. Kwa riba yetu ya asilimia 14, hosteli hii inaweza kubeba deni la kama milioni 80 ikibakiwa na akiba kidogo ya dharura. Milioni 120 zilizobaki lazima zitoke mahali ambapo hakuna anayedai zirudishwe: bajeti ya serikali, mfadhili, au wakfu.

Neno wakfu halikuja hapa kwa kupamba. Riyadha ya Lamu, msikiti na chuo cha dini kilichoanzishwa na Habib Swaleh, imepokea wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne nzima bila kuuza hati yoyote. Pwani ina utamaduni wa kutenga nyumba, shamba au duka ili pato lake liendeshe elimu, na Tume ya Wakf ipo Mombasa. Kwa hesabu ya juu, wakfu wa kiwanja na theluthi ya gharama una nguvu kuliko kupunguziwa riba kwa asilimia 2. Na kwa msomaji ambaye riba haimpiti kooni, ipo sukuk, hati ya Kiislamu isiyo na riba. Kampuni maalumu hununua au hujenga jengo, wenye hati wanakuwa na hisa katika mali hiyo, chuo kinapanga na kulipa kodi ya pango, na mwisho kinaimiliki. Kenya ilipata sukuk yake ya kwanza mwaka 2023, ile ya Linzi ya shilingi bilioni 3 za nyumba, muda wa miaka 15, faida ya asilimia 11.13. Tahadhari moja: sukuk inahalalisha namna ya malipo, haipunguzi ukubwa wake. Pango la milioni 38 linamshinda mpangaji mwenye milioni 17 sawasawa na riba ya milioni 38.

Ujenzi wenyewe una mitego ambayo karatasi za Nairobi huisahau. Riba huanza kuhesabiwa siku pesa zinapoingia, ilhali kitanda cha kwanza hukodishwa miezi 18 au 24 baadaye. Milioni 200 zikichukuliwa zote siku moja kwa asilimia 14, miezi 18 inakula milioni 42 kabla ya mwanafunzi kulala. Dawa yake ni kuuza hati kwa awamu, kila awamu ifungwe kwenye hatua iliyokaguliwa: msingi, paa, umaliziaji.

Kisiwani Lamu mambo ni mazito zaidi. Simiti na nondo husafiri kwa lori hadi Mokowe, hushushwa, hupakiwa majahazi, hushushwa tena, kisha punda na mikokoteni humalizia. Kila kushusha na kupakia kuna gharama, na mifuko hupasuka na kulowa. Kusi ikivuma, vyombo hungoja. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, na mwenye ratiba ya riba hapewi msamaha kwa sababu ya mafuriko. Ndani ya Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, huwezi kupandisha jengo la ghorofa utakavyo. Akili yangu inaniambia kampasi ya Lamu yenye hesabu nzuri itakaa bara, upande wa Mokowe au Hindi, na wanaoitaka kisiwani wawe tayari kuilipia tofauti.

Kisha kuna chumvi. Zege iliyochanganywa na mchanga wa pwani usiooshwa kwa maji yasiyo na chumvi huoza kutoka ndani: chumvi huila nondo, nondo huvimba, zege hupasuka na kubanduka. Karibu na bahari, nondo zifunikwe kwa zege ya kama milimita 50, si 25, na fundi atakayetaka kuokoa simiti hapo anakopa kwa niaba yako. Jengo lisiloangaliwa litahitaji matengenezo makubwa kabla deni halijaisha, kwa hiyo mkataba utenge akiba ya matengenezo, asilimia 1 hadi 2 ya thamani ya jengo kila mwaka, na akiba hiyo ikatwe kabla ya mtu yeyote kugawana ziada.

Tukija kwenye faida ya elimu yenyewe, watetezi wa kampasi husema chuo huinua uchumi, na wanasema kweli. Mapitio ya kimataifa ya watafiti wa Benki ya Dunia yanaonyesha kila mwaka mmoja wa masomo huongeza kipato kwa kama asilimia 9 kwa wastani, na Afrika kusini mwa Sahara faida ya elimu ya juu ni kubwa zaidi kwa sababu wahitimu ni wachache. Lakini fuata pesa hizo zinakokwenda. Nyongeza ya mshahara iko mfukoni mwa mhitimu, ambaye huenda yuko Nairobi au Doha. Kodi ya mshahara huo huenda serikali ya kitaifa, na hivyo hivyo kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya soda anayonunua. Kaunti, kwa Ibara ya 209, imepewa kodi ya mali na ya burudani. Chuo, ambacho ndicho mdaiwa, hakipati hata senti. Ndiyo sababu ninaona madarasa na maabara yajengwe kwa bajeti ya taifa, inayovuna kodi za wahitimu, na bondi ya mapato iachiwe vitanda tu, kwa kuwa kitanda kina mlipaji anayejulikana kwa jina.

Hata faida kwa mji hukuzwa kupita kiasi. Chukua wanafunzi 1,000, kila mmoja akitumia shilingi 10,000 kwa mwezi, miezi 9: milioni 90, na hiyo ndiyo namba itakayosomwa jukwaani. Lakini kama 600 ni watoto wa Malindi na Magarini, na 350 kati yao wangekuwa nyumbani na kula hapo hapo, matumizi yao si mapya. Wanaobaki ni wageni 400 na wenyeji 250 ambao wangekwenda kusoma Mombasa au Nairobi: milioni 58.5. Nusu ya pesa hizo ikiondoka tena kwenda kwa wauzaji wa jumla wa unga, mafuta na vifurushi vya simu, mji unabaki na kama milioni 29. Bado ni pesa za maana, hasa Aprili hadi Juni watalii wanapopungua na mama lishe wa mjini wanakosa wateja.

Makosa yanayoua miradi hii yanafahamika. Kubwa ni kudhani wanafunzi watazidi kuja. Vyuo vya umma vya Kenya vilipanua kampasi kwa kutegemea wanaojilipia. Mwaka 2015 waliopata C+, alama ya kuingia chuo kikuu, na zaidi katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walikuwa zaidi ya 160,000, na 2016, udanganyifu ulipobanwa, wakawa chini ya 90,000. Wengi walioingia wakaingia kwa ufadhili wa serikali, mfuko wa wanaojilipia ukakauka, na majengo yakabaki na bili. Kosa jingine ni kalenda. Ada za vitanda hukusanywa Septemba na Januari, na mikopo ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mara nyingi huchelewa kumfikia mwanafunzi. Hati inayodai riba Agosti inadai wakati sanduku likiwa tupu. Sogeza tarehe ziangukie baada ya ada kuingia, na weka akiba ya malipo ya miezi 6 ambayo chuo hakiruhusiwi kuigusa hata wahadhiri wakigoma. Msimamizi wa amana awe mtu wa nje ya chuo, na ada ziingie kwanza kwenye akaunti anayoishika yeye. Kuhusu anayedhani soko la mitaji halimezi watu, Imperial Bank iliuza hati za shilingi bilioni 2 mwaka 2015, na ilifungwa Oktoba mwaka huo huo kabla hazijaanza kuuzwa sokoni.

Ardhi pia. Mwekezaji hununua hati miliki kabla ya kununua jengo. Kiwanja kilichotolewa kwa barua ya mkutano, chenye wakazi wasiolipwa fidia au kesi mahakamani, hakitapita kwa mwanasheria wa mkopeshaji, na Lamu na Malindi viwanja vya namna hiyo ni vingi. Kupima, kulipa fidia na kutoa hati huweza kuchukua miaka. Kufanyike kabla ya mtu yeyote kuajiri washauri wa bondi, ambao hulipwa mradi usimame au usisimame.

Kwa Malindi ipo njia ambayo naishangaa haitajwi sana: hoteli zilizofungwa. Vyumba 120, vitanda 3 kila kimoja, vinatoa nafasi 360. Ukarabati wa shilingi 120,000 kwa kitanda ni milioni 43.2, na malipo ya mwaka kwa riba ile ile ya asilimia 14, miaka 10, ni milioni 8.3. Kwa ada ile ile ya 6,000 na gharama zile zile, mapato halisi ni milioni 12.2. Inabaki kama milioni 4 ya kumlipa mwenye hoteli na kuweka akiba. Hesabu inasimama, ingawa mwenye hoteli atataka zaidi ya hapo. Bwawa la kuogelea lifukiwe au liwe tangi la maji ya mvua, na nyaya zote zipimwe upya kwa sababu chumvi haikuzisaza. La kukagua mapema ni hati ya ardhi: hoteli nyingi za ufukweni ziko kwenye viwanja vya kukodi, na hoteli iliyobakiwa na miaka 8 haiwezi kubeba bondi ya miaka 10 mpaka ukodishaji urefushwe kwanza.